Shaba ya Mama Nionyeshe

Siku ya usajili, shangazi yangu alisimamisha foleni ya watu themanini kwa saa moja na nusu. Sababu ni kwamba aliambiwa asaini karatasi inayosema amesoma kanuni za chuo, na yeye hakuwa amezisoma.

"Saini tu hapo chini, mama," karani alimwambia. "Wote wanasaini."

"Wote wamesoma?"

"Ni utaratibu tu, mama."

"Kwa hiyo utaratibu wenu ni kusema uongo siku ya kwanza. Nionyeshe hicho kitabu."

Kitabu kilikuwa kimoja kwa chuo kizima. Kikatolewa kwenye droo ya chini, kurasa arobaini na mbili, na jalada lake lilikuwa na duara la chai mahali mtu alipowahi kuweka kikombe. Shangazi akavuta kiti, akavaa miwani, akaanza na ukurasa wa kwanza. Nyuma yake watu wakaguna, kisha wakatukana kwa adabu, kisha wakatukana bila adabu. Mimi nilikuwa wa tano nyuma yake na nilijifanya simjui. Alipofika sehemu ya haki na wajibu wa mwanafunzi, akatoa daftari na kalamu, akaanza kunakili kwa mkono, neno kwa neno, na nukta zake.

"Huyu mama amekuja kusoma au kukagua?" jamaa mmoja akauliza kwa sauti.

Kufikia saa sita jina lilikuwa limeshamganda: Mama Nionyeshe.

Alikuwa na miaka arobaini na tatu, mimi ishirini na moja, na tuliingia chuo kimoja, darasa moja, fani ya umeme, upande wa kusuka mota. Usiulize nani alimfuata nani. Baba yangu alisema, "Nenda na shangazi yako, angalau mmoja wenu atasikiliza."

Tofauti yetu ni kwamba mimi nilikwenda kujifunza kazi, na yeye alikwenda kuchukua cheti cha kazi aliyokuwa anaifanya tangu mimi sijaota meno. Mume wake, Mungu amrehemu, alikuwa na karakana ya mota pamoja na mdogo wake. Macho ya mume yalipoanza kufifia, shangazi akawa anamhesabia mizunguko ya waya. Baadaye akawa anamsukia kabisa. Mume alipofariki, benchi lilibaki la shangazi bila mtu kulitangaza. Pampu za maji, mashine za kusaga, feni za viwandani, zote zilipita mikononi mwake. Kisha wateja wakubwa wakaanza kutaka karatasi: kila mota iliyotengenezwa iandikwe jina la fundi na namba ya cheti chake. Shemeji yake akamleta bwana mmoja mwenye cheti. Shangazi anasuka, bwana anasaini. Siku moja huyo bwana alimuuliza, kwa upole kabisa, waya unaanzia upande gani. Jioni ile shangazi alikuja kwetu, hakukaa hata kwenye kiti, akamwambia baba, "Kaka, nakwenda shule."

Shemeji hakumzuia. Alisema tu kwamba atamshikilia benchi kwa miaka miwili ya masomo. Baada ya hapo, benchi ni la mwenye cheti. Kama shangazi hana, ni la yule bwana. Mtihani wa mwisho wa vitendo hufanyika mara moja tu kwa mwaka, kwa hiyo akiukosa, benchi limekwenda.

Kwamba ni mtu wa shaka, hilo chuo hakikumfundisha. Simu ikiingia kwa namba asiyoijua, anapokea na kunyamaza mpaka mwenzake ajieleze ukoo mzima. Vidonge vya hospitali anavihesabu mbele ya mfamasia. Ukimwambia "umependeza leo, shangazi", anageuza sketi kutazama nyuma kuna nini. Chuoni alipaka koleo zake rangi ya kucha, nyekundu, ili mtu asije akasema zinafanana. Nilimcheka sana. Lakini ukikaa na mtu wa namna hiyo miaka miwili, ugonjwa unahama. Nilijikuta nimenunua kufuli la begi, na ndani ya begi hamna kitu.

Kazi yenyewe iko hivi. Mota ikiungua, unaifungua, unaipasha moto ili vanishi, ile gundi inayogandisha waya, ilainike, unavuta koili, yaani yale mafungu ya waya wa zamani ulioungua, unahesabu zilikuwa na mizunguko mingapi, unapima unene wa waya, halafu unasuka mpya za namna ile ile. Stoo ya chuo ilikuwa na sheria moja: shaba kwa shaba. Ukitaka waya mpya, lete kwanza ule wa zamani uliouvuta. Unawekwa kwenye mizani, unaandikwa kitabuni, na unapimiwa waya mpya wa uzito ule ule. Ni sheria nzuri. Inazuia mtu kuomba waya wa mota moja akasukia mbili.

Mwenye stoo tulimwita Bwana Stoo. Alikuwa mrefu, mkavu, na funguo kumi na saba kiunoni, unamsikia kabla hujamwona, kama ng'ombe mwenye kengele. Ukimwomba akuongezee hata kipande cha waya cha urefu wa kidole, anakutazama kutoka juu na kukupa jibu lake la siku zote: "Mizani yangu haina mjomba."

Barua ilikuja Jumatatu ya wiki ya mtihani. Shangazi aliisoma mara tatu akiwa amesimama, akaigeuza nyuma, akaitazama kwenye mwanga, kisha akanipa.

Ilisema anatuhumiwa kuiba shaba ya chuo. Kwa muhula mzima, kila mota aliyopewa, wanafunzi wenzake walirudisha waya wa zamani wa takriban kilo tatu na robo. Yeye, kwa mota sita za aina ile ile, alirudisha kilo mbili na gramu mia tisa kila moja. Mota sita, upungufu wa kilo mbili na ushei. Afike mbele ya kamati ya nidhamu Jumatano saa nane mchana. Na mwisho kabisa, kwa herufi za kawaida kana kwamba ni jambo dogo: mwanafunzi mwenye shauri ambalo halijamalizika hataruhusiwa kufanya mtihani. Mtihani ulikuwa Alhamisi.

"Lete daftari langu," alisema.

Ukurasa alioutafuta ulikuwa umekunjwa pembe. Mwanafunzi anayetuhumiwa ana haki ya kupewa siku tatu kamili za kujitayarisha baada ya kupata barua.

"Hesabu," akaniambia.

"Jumanne, Jumatano, Alhamisi," nikahesabu. "Wanatakiwa wakusikilize Ijumaa. Wamekosea, shangazi! Tuwabane!"

"Hesabu tena, mwanangu. Nikidai siku zangu tatu, nasikilizwa Ijumaa. Mtihani Alhamisi. Umeona walipoiweka haki yangu? Nikiigusa tu, nimekwisha."

"Au ni uzembe. Ofisi ile hata kengele wanasahau kupiga."

"Uzembe unaojua kuhesabu siku?"

Akaandika kwa mkono wake kwamba anaziachia siku zake tatu kwa hiari, akaandika neno "hiari" kwa herufi kubwa, akapiga mstari chini yake, akaipeleka mwenyewe na kumtaka karani asaini kwamba ameipokea saa ngapi.

Kisha tukaanza kutafuta mchawi. Mchawi wake wa kwanza alikuwa shemeji.

"Yeye na Bwana Stoo wananyolewa kwa kinyozi mmoja," alisema.

"Shangazi, mtaa mzima unanyolewa pale."

"Na mtaa mzima unajua mambo yangu."

Mchawi wangu mimi alikuwa Bwana Stoo mwenyewe. Ilikuwa wazi kama mchana: mwenye funguo ndiye mwenye mwanya. Anaiba, anaandika namba za uongo kwenye ukurasa wa mtu mzima asiye na marafiki darasani, mchezo kwisha. Jumanne wakati wa chakula nikamwona akitoka nyuma ya karakana na mfuko mweusi unaogongana ndani, nikamfuata mpaka bombani.

"Unataka nini?" akaniuliza bila kugeuka. Funguo zake zilinyamaza.

"Nataka nikusaidie kubeba, Bwana Stoo. Naona mzigo mzito."

Akafungua mfuko. Mlikuwa na bakuli mbili za chakula, tupu, na kijiko.

"Shika," akasema. "Na uzioshe vizuri."

Nikaziosha.

Kanuni zinaruhusu mtuhumiwa kuingia na mwanafunzi mwenzake mmoja kama msindikizaji. Shangazi alinichagua mimi. Nilidhani ni kwa ajili ya ulimi wangu, maana kwa maneno nilikuwa najiamini.

"Si ulimi," akasema. "Nakujua tangu unanyonya. Wewe ukiniuza, najua nyumbani kwenu ni wapi."

Jumatano, saa nane kasoro, tukawa mlangoni kwa Makamu Mkuu wa chuo. Ndani kulikuwa na meza ndefu, feni ya darini inayozunguka kwa kulalamika, na watu watatu: Makamu mwenyewe, aliyekuwa mama mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto anywe dawa, mwalimu wetu wa umeme, ambaye alikuwa anatazama viatu vyake kana kwamba ameviazima, na Bwana Stoo na kitabu chake kikubwa. Makamu akamwonyesha shangazi kiti cha katikati. Shangazi akachukua cha pembeni, chenye kuona mlango.

"Karibu sana, mama. Jisikie huru kabisa."

"Nitajisikia huru nikitoka. Tuanze."

Akaomba ushahidi, maana ni haki yake kuonyeshwa. Bwana Stoo akafungua kitabu, akakigeuza kwa heshima. Shangazi akapitisha kidole kwenye mistari yake sita, mmoja mmoja, na tarehe, na saini yake pembeni. Alitafuta mahali palipofutwa. Alitafuta wino wa rangi nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaandaa hotuba ya kumchana Bwana Stoo, nilikuwa nasubiri ishara tu.

"Namba ni zenyewe," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyechimba na asikute kitu. "Na saini ni zangu."

Hotuba yangu ikafia mdomoni.

"Kwa hiyo mama unakubali?" Makamu akasogea mbele. "Ukikubali mapema, kamati huwa na huruma."

"Nimekubali namba. Wizi sijaukubali. Mwalimu, mota zangu sita ziko wapi?"

Mwalimu akainua macho kutoka kwenye viatu. "Ziko karakana."

"Zinazunguka?"

"Zinazunguka. Vizuri sana, niseme ukweli."

"Mizunguko ya waya imepungua?"

"Hapana. Nilizikagua mwenyewe. Ziko kamili."

"Bwana Stoo, kwa kila mota ulinipimia waya mpya kiasi gani?"

"Kiasi ulicholeta, mama. Kilo mbili, gramu mia tisa. Shaba kwa shaba. Mizani yangu—"

"Haina mjomba, najua." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kitambaa, taratibu. Nilimwona wazo likimjia, kama mtu anayesikia maji yanavuja na hajajua ni bomba lipi. "Basi mota hii inakula kilo mbili na gramu mia tisa na inashiba. Hawa wenzangu kumi na mmoja wamepewa kilo tatu na robo. Ile iliyozidi waliisukia nini?"

Feni ililalamika peke yake. Mwalimu alifungua mdomo, akahesabu kitu kwa vidole chini ya meza, akaufunga. Na shangazi, mtu aliyewahi kumshuku mlinzi wa geti, mpishi, kinyozi na shemeji yake, akageuza shingo polepole. Hakumtazama Bwana Stoo. Alinitazama mimi.

Inabidi nieleze. Koili iliyoungua haitoki kwenye mota ikiwa safi. Inatoka na vanishi iliyoganda juu yake kama ukoko wa sufuria, na karatasi za kuzuia umeme, na nyuzi za kufungia, na vijiti vya kubania waya kwenye mifereji yake. Sisi wanafunzi tuliigundua mapema raha ya jambo hilo. Usisafishe. Ipeleke kwenye mizani na takataka zake zote. Bwana Stoo anapima, anaandika, anakupa waya mpya wa uzito wa shaba pamoja na takataka. Mota inashiba, na wewe unabaki na gramu mia tatu, mia tatu na hamsini, za waya mpya unaong'aa. Unauzungusha kifundoni mwa mguu, unavuta soksi, unatoka getini unachechemea kidogo. Tulikuwa tunaita kupima na mfupa, kama nyama. Nyuma ya soko palikuwa na mnunuzi wa vyuma chakavu asiye na maswali.

Shangazi hakujua. Yeye kule karakana kwao amezoea kuchoma waya kwenye pipa mpaka ukoko wote uishe, kisha anausugua kwa brashi ya chuma, maana marehemu mume wake ndivyo alivyomfundisha na hakuwahi kufikiri kuna namna nyingine. Pipa la chuo liko nje, upande wa nyuma. Alikuwa anachomea huko peke yake, na moshi wake, na sisi tunamcheka kwa kujitafutia kazi. Nani angemwambia? Yeye akikuazima kalamu anakuuliza umeipeleka wapi yako.

"Wewe," alisema. "Mota zako zilishiba kwa ngapi?"

"Mama," Makamu akaingilia, "msindikizaji hahojiwi na kamati. Kanuni zinasema..."

"Ukurasa wa thelathini na moja. Hahojiwi, ila akitaka kusema anaruhusiwa. Na mimi si kamati. Namuuliza mtoto wa kaka yangu."

Ningeweza kunyamaza. Ilikuwa ni haki yangu, imeandikwa, na kwa mara ya kwanza niliona faida ya kusoma kitabu kile. Ningenyamaza, shauri lingeahirishwa ili uchunguzi uendelee, na kesho yake saa nne mlango wa mtihani ungefungwa.

"Tulikuwa tunapima na mfupa," nikasema.

"Mnapima na nini?" Makamu akauliza.

Nikawaeleza. Nilijaribu kuweka kichekesho kimoja katikati, cha soksi, na hakikuchekwa. Nilipomaliza, Bwana Stoo akasimama bila kuomba ruhusa, akatoka, akarudi na ndoo ya koili za mwanafunzi mmoja zilizokuwa zinasubiri kupimwa, na mizani yake kwapani. Akapima mbele yetu: kilo tatu, gramu mia mbili na arobaini. Akatuongoza wote mpaka kwenye pipa, Makamu na viatu vyake vya kisigino katikati ya majivu. Akawasha moto. Tukasimama kwenye moshi kama watu wa mazishini mpaka ukoko ukaisha, na waya ulipopoa shangazi akausugua kwa brashi, akauweka tena kwenye mizani. Kilo mbili, gramu mia tisa na kumi.

Bwana Stoo hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa anatazama mshale wa mizani.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa nimepima karatasi na gundi."

Nilitamani anitukane. Hakunitukana. Alifunga kitabu chake na kukikumbatia, na funguo zake, ajabu, hazikulia.

Kamati ikarudi ndani, ikatutoa nje, ikatuita. Shauri la mama limefungwa. Wanafunzi wengine kumi wataitwa baada ya mtihani, kila mmoja na barua yake na siku zake tatu, maana nao wana haki ya kusikilizwa na hakuna ushahidi wa mtu mmoja mmoja. Aliyekuwa na ushahidi dhidi yake alikuwa mmoja tu, na ushahidi wenyewe ni mdomo wake. Nikasimamishwa masomo hapo hapo, muhula mzima, bila mtihani. Nina haki ya kukata rufaa ndani ya siku kumi na nne, wakaniambia. Nikawashukuru.

Tulitembea kurudi nyumbani mpaka tukafika kwenye kona ya fundi viatu.

"Miaka miwili," shangazi alisema. "Nimeshuku kila mwenye pua. Wewe nikakuacha."

"Shangazi..."

"Nyamaza. Uliuza kwa nani?"

"Kwa yule wa nyuma ya soko."

"Alikupunja?"

"Sana."

"Afadhali," akasema, na akavuka barabara kabla yangu.

Ungedhani mambo yameisha. Alhamisi asubuhi mimi nilikwenda chuoni kurudisha vifaa vyangu stoo, na saa tatu na nusu nikamkuta shangazi amesimama kwenye meza ya karani, ameshika karatasi mbali na mwili wake kama kitu kinachonuka. Ilikuwa ndiyo ruhusa yake ya kuingia mtihani. Ilikuwa imechapwa vizuri, na mhuri tayari, na imeandikwa kwamba kamati imemsamehe mwanafunzi huyu upungufu wa shaba na inamruhusu kuendelea. Asaini chini kwamba amekubali.

"Nisamehewe nini?" alikuwa anauliza.

Karani akamwita Makamu. Makamu akaja na kikombe chake.

"Ni lugha tu ya kiofisi, mama yangu. Saini uwahi, wenzako wanaingia."

"Lugha hii inakaa kwenye faili langu. Mwakani shemeji yangu akitaka kujua habari zangu, ataambiwa nini? Niliiba, nikaonewa huruma."

"Hakuna atakayelifungua faili lako."

"Basi kama hakuna atakayelisoma, kwa nini uongo umepigwa mhuri?"

Saa ya ukutani ilisema saa nne kasoro dakika kumi na tano. Kutoka pale tuliona wanafunzi wakiingia karakana mmoja mmoja, kila mmoja anamtazama mwenzake kwa pembe ya jicho, maana habari ilikuwa imeshaenea na hakuna aliyejua nani mwingine amesema nini.

"Shangazi, saini," nikamnong'oneza. "Benchi, shangazi. Kumbuka benchi."

"Wewe ndiye wa kunishauri?"

Nikarudi nyuma hatua mbili.

Karani akasema atachapa upya, lakini mashine imeisha wino, na wino unaletwa saa sita. Shangazi akamtazama kwa muda mrefu, na nilijua anachofikiri: leo, saa hii, wino ndio uishe? Kisha akatoa kalamu yake mwenyewe akaiweka mbele ya Makamu.

"Kata kwa mkono. Andika hakuwa na kosa. Saini pembeni, na mhuri juu ya saini."

Makamu akatazama kalamu, akatazama saa, akanywa chai. Sijui ni nini kilichomshinda. Labda ni yale majivu ya jana kwenye viatu vyake. Akakata neno, akaandika, akasaini, akagonga mhuri. Shangazi akaomba nakala. Mashine ya nakala nayo, bila shaka, ilikuwa haina wino. Basi akapiga picha kwa simu, mara mbili, ya pili kwa sababu ya kwanza ilikuwa na kivuli. Ndipo akasaini. Kisha mama wa miaka arobaini na mitano akakimbia uani, begi linampiga kiunoni, na kuingia mlango wa karakana dakika nne baada ya saa nne. Msimamizi wa mtihani, mgeni aliyetumwa kutoka nje ya chuo, alisoma karatasi ile, akasoma yale maneno ya mkono, akamwonyesha benchi.

Cheti alikipata, nisikuweke roho juu. Benchi la karakana ni lake mpaka leo, na yule bwana wa kusaini amehamia kwenye kuuza majenereta. Shemeji alimpongeza, na shangazi bado anachunguza alimpongeza kwa sababu gani. Mimi rufaa sikuikata, na muhula ulipokwisha sikurudi.

Lakini mchana ule wa Alhamisi ndio ninaousimulia. Nilikuwa nimesimama dirishani kwa nje, vifaa nimesharudisha, sina pa kwenda. Shangazi alisuka kama mtu anayekunja nguo zake mwenyewe, midomo inatembea kidogo kwa kuhesabu, hakuinua kichwa hata mara moja. Waliobaki walikuwa wanasuka jicho moja kwenye waya na jingine kwa jirani. Saa kumi msimamizi akagonga meza. Vanishi inahitaji kukauka, akasema. Acheni mota hapo hapo kwenye mabenchi, kesho asubuhi tutaziwasha mbele yenu. Tokeni.

Hakuna aliyetoka. Shangazi akainua mkono.

"Naomba tepu ya karatasi."

"Ya nini, mama?"

"Ya kufunga mota yangu."

Akapewa. Akaizungusha tepu kwenye mota, akaepuka koili zenye vanishi mbichi, akakata kwa meno, akaandika jina lake, nusu kwenye tepu na nusu kwenye chuma, ili mtu akiibandua asiweze kuirudisha ilivyokuwa.

Msimamizi akacheka. "Unadhani nani ataigusa?"

"Sijamtaja mtu," alisema shangazi, akaokota begi lake.

Kabla hajafika mlangoni, kiongozi wa darasa akanyoosha mkono akaomba tepu. Baada yake, jirani yake. Kisha wakapanga foleni, wanafunzi wazima, kimya, kila mmoja anafunga mota yake na kusaini huku amewapa wenzake mgongo. Tepu iliishia kwa mtu wa tisa, ukianza kuhesabu na shangazi. Wawili waliobaki wakatazamana, kila mmoja akavuta kiti chake akakaa mbele ya mota yake na kukunja mikono, na msimamizi akaanza kuwabembeleza watoke.